Kuhoji maswali kabla ya kuhukumu watoto: mwongozo wa kuchambua mtihani wa ujirani mwema

Matokeo ya mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule jirani huufanya pamoja, yakitoka, kinachobandikwa ukutani ni kile kile: orodha ya watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na karatasi nyingine inayoonyesha shule zilivyofuatana. Mwalimu mkuu ambaye shule yake imeshuka anaitwa kwa Afisa Elimu Kata ajieleze. Swali la 17, ambalo vinara wa darasa wamelikosa na wanaoshika mkia wamelipata, haliitwi na mtu. Limeshaingia kwenye jumla ya kila mtoto, limempandisha huyu na kumteremsha yule, na muhula ujao litadurufiwa tena kama lilivyo.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa taaluma, awe Rungwe, Mbarali, Kilolo, Mufindi au Njombe, mwenye karatasi za majibu za shule kadhaa na kompyuta moja. Nimechukua mfano wa Hisabati darasa la saba, maswali 40 ya kuchagua jibu kati ya A hadi E, kwa sababu ndio mlango mwepesi wa kuingilia. Tarakimu za mifano nimezitunga ili hesabu ifuatike. Si matokeo ya shule yoyote.

Hatua ya 1: Ingiza herufi, si vema na kosa

Kosa kubwa hufanyika hapa, kabla hata hesabu haijaanza. Mwalimu anasahihisha karatasi, anaandika jumla, kisha anaingiza jumla peke yake kwenye kompyuta. Hapo uchambuzi umekufa. Jumla ya 23 haikuambii mtoto alichagua nini.

Fungua lahajedwali, Excel au nyingine yoyote. Kila mtoto apate mstari wake, kila swali lipate safu yake. Safu ya kwanza iwe ya namba ya mtoto, si jina; ya pili iwe ya shule. Mstari wa pili weka majibu sahihi. Kisha ingiza herufi kama mtoto alivyoichagua. Fanyeni watu wawili, mmoja asome, mwingine abonyeze. Kwa shule tano au sita ni kazi ya mchana mmoja, umeme usipokatika.

Nafasi tupu zina mambo mawili tofauti, na ni lazima uyatenganishe. Mtoto aliyeruka swali la 12 akaendelea na la 13 amelishindwa la 12: weka X. Mtoto aliyeishia swali la 34, na kuanzia 35 hadi 40 karatasi yake ni nyeupe, hakufika huko: weka Z. Ukizichanganya, maswali ya mwisho yataonekana magumu kumbe muda ndio ulikuwa mfupi. Katika kupima ugumu wa swali, X ni sifuri, Z ni kama hakuulizwa. Kwenye ripoti ya mzazi unaweza kuendelea kumpa sifuri kwa zote mbili, hilo ni jambo la utaratibu wa mtihani.

Ukurasa huu wa kwanza wa lahajedwali uite majibu. Ukurasa wa pili, uite alama, utageuza herufi kuwa 1 na 0:

=IF(majibu!C3="Z","",IF(majibu!C3=majibu!C$2,1,0))

Iandike kwenye C2 ya ukurasa wa alama, chini ya vichwa vya safu, na safu mbili za mwanzo nakili namba na shule ya kila mtoto. Iburute kulia hadi swali la mwisho na chini hadi mtoto wa mwisho. Kisha chukua karatasi chache bila kuchagua, ulinganishe jumla ya kompyuta na jumla iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Zisipolingana, rudi nyuma sasa, kwa sababu huko mbele hutaiona tena dosari.

Hatua ya 2: Hesabu za kalamu na karatasi

Usikimbilie modeli ya Hatua ya 4. Sehemu kubwa ya faida ya kazi hii iko hapa, na mtu anayeruka hatua hii ataishia kuwa na michoro mizuri ya maswali mabovu.

Kwa kila swali unahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni p, sehemu ya watoto waliolipata. Cha pili ni D, uwezo wa swali kutofautisha. Panga watoto kwa jumla ya alama, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, toa waliolipata wa chini kutoka kwa waliolipata wa juu, gawanya kwa idadi ya kundi moja. Hiyo asilimia 27 ilitetewa na Truman Kelley mwaka 1939 na watu wameendelea nayo. Ukitumia robo au theluthi hakuna atakayekukamata. Cha tatu, na kwangu ndicho kitamu kuliko vyote, ni jinsi kila kipotoshi, yaani jibu lisilo sahihi, kilivyovuta watu.

Tuone swali moja: 3/4 − 1/3 = ? A. 2, B. 5/12, C. 2/12, D. 13/12, E. 4/7. Jibu ni B. Tuseme watoto ni 200, na kila kundi la juu na la chini lina watoto 54.

Wote: A 58, B 74, C 46, D 19, E 3.
Kundi la juu: A 4, B 38, C 10, D 2, E 0.
Kundi la chini: A 27, B 8, C 11, D 6, E 2.

p ni 74/200, yaani 0.37. Swali gumu. D ni (38 − 8)/54, yaani 0.56, na hiyo ni nzuri sana. Kwa kawaida D ya 0.40 na kuendelea ni ya kujivunia, na chini ya 0.20 swali lifikiriwe upya. Mwalimu ambaye angeangalia p peke yake angelitupa swali hili kwa kuwa "wamefeli wengi". Kumbe ni moja ya maswali bora kwenye karatasi.

Sasa soma vipotoshi. Waliochagua A wametoa juu kwa juu na chini kwa chini, wakapata 2 juu ya 1. Hao bado wanaona sehemu kama namba mbili zilizowekewa mstari katikati, na ni 27 kundi la chini, wanne tu kundi la juu. Kwao rudi kwenye kukata chungwa na kukunja karatasi. C ni jambo jingine kabisa: 10 juu, 11 chini. Hao wamejua kwamba asili ya pamoja ni 12, ila wamesahau kubadili namba za juu. Makosa haya wanayafanya hata watoto wako wazuri, na yanahitaji dakika kumi za ubaoni tu. E imevuta watoto watatu kati ya mia mbili. Ni kipotoshi mfu, kinachukua wino. Kibadilishe kabla swali halijarudi.

Baraza la Mitihani nalo hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikieleza kwa nini kila kipotoshi kilichaguliwa. Zisome kwa ajili ya namna ya kuandika maelezo. Lakini zinazungumzia nchi nzima, na kata yako ina makosa yake.

Vipo pia vipimo vya mtihani mzima, kama KR-20 ya mwaka 1937 na alfa ya Cronbach ya 1951. Vinakuambia mtihani una uthabiti kiasi gani kwa jumla, havikuambii swali lipi ni bovu. Hesabu moja, iandike pembeni, endelea.

Hatua ya 3: Swali lenye D hasi

Ukipata D hasi, yaani wa chini wamelipata kuliko wa juu, mshukiwa wa kwanza ni ufunguo wa majibu. Angalia kama herufi iliyo kwenye mstari wa pili ndiyo yenyewe. Mara nyingi mambo huishia hapo: jibu lilikuwa D, mtu aliandika B. Rekebisha, na watoto warudishiwe haki yao.

Ufunguo ukiwa sawa, soma swali kwa sauti mbele ya mwalimu asiyefundisha somo hilo. Majibu mawili sahihi, neno "si" lililojificha katikati ya sentensi, mchoro ambao mashine ya kudurufu imeufuta, vyote hivi huwaangusha watoto wanaosoma kwa makini na kuwaacha wanaobahatisha.

Mshukiwa wa tatu ni maisha yenyewe. Chukulia swali linalosema gunia la viazi linajaa kwa madebe sita, kisha linauliza madebe ya magunia manne. Mtoto wa milima ya Uporoto ameiona lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ikishonwa shambani, amekaa juu yake kuishindilia. Anajua gunia la viazi halijawahi kuishia madebe sita pale kwao. Sheria ya vipimo iko upande wa mtunga swali, mnunuzi wa barabarani yuko upande wa mtoto. Wengi watazidisha tu sita kwa nne, lakini mtoto anayefikiri atasita, na kusita huko utakuta kumeingia kwenye D yako. Andika "boksi" badala ya "gunia la viazi" na tatizo limekwisha.

Hatua ya 4: Kutoka alama kwenda logiti

Sasa modeli. Wazo lake ni dogo. Mtoto ana uwezo, swali lina ugumu, na vyote viwili vinakaa kwenye mstari mmoja. Uwezo ukilingana na ugumu, nafasi ya kupata ni nusu kwa nusu. Uwezo ukizidi, nafasi inapanda, ukipungua, inashuka. Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark, aliichapisha modeli hii mwaka 1960 baada ya kuhangaika na takwimu za watoto waliopimwa kusoma kwa majaribio tofauti, akitaka awalinganishe. Hangaiko lile lile la mwalimu wa taaluma.

Kwa hesabu: nafasi ya kupata = 1 ÷ (1 + e^−(uwezo − ugumu)), ambapo e ni namba ya karibu 2.718. Kipimo chake kinaitwa logiti. Mtoto akizidi swali kwa logiti 1, nafasi yake ni 0.73, akizidi kwa 2, ni 0.88. Akizidiwa kwa 1, inabaki 0.27, kwa 2, inabaki 0.12.

Unaweza kupata makisio ya kwanza kwa kitufe cha ln (logi asilia) cha kikokotoo tu. Uwezo wa mtoto ni ln ya alizopata gawanya kwa alizokosa. Ugumu wa swali ni ln ya waliolikosa gawanya kwa waliolipata. Swali letu la sehemu: ln(126/74) = 0.53. Mtoto aliyepata 30 kati ya 40: ln(30/10) = 1.10. Tofauti ni 0.57, hivyo nafasi yake ya kulipata ni kama 0.64. Makisio haya yanabana kidogo umbali kati ya watoto na kati ya maswali, ila kwa kuanzia yanatosha.

Ona sasa kinachotokea kwa alama za kawaida. Mtoto akitoka 20 kwenda 22, amepanda kutoka 0 hadi ln(22/18), yaani 0.20. Mtoto akitoka 36 kwenda 38, amepanda kutoka 2.20 hadi 2.94, yaani karibu 0.75. Alama mbili ni zile zile kwenye daftari, lakini mwendo wa yule wa juu ni zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo ukisikia shule iliyokuwa na wastani wa 36 imepanda alama mbili "tu" huku nyingine ikipanda nne kutoka 18, usiwe mwepesi kugawa zawadi.

Modeli hii ina tabia moja inayowakera baadhi ya walimu: wote waliojibu maswali yale yale wakapata 20 hupewa uwezo sawa, hata kama mmoja alipata mepesi 20 na mwingine alipata mchanganyiko. Zipo modeli zinazotofautisha. Allan Birnbaum alizieleza mwaka 1968. Ukiihesabu ya Rasch kuwa ya kwanza, ya pili inampa kila swali uwezo wake wa kutofautisha, ya tatu inaongeza kubahatisha, ambako kwa majibu matano mtu anategemea kitu cha jirani na 0.20. Kwa mtihani wa kata naziacha. Ya pili inataka watoto kama 500 ili ikae vizuri, ya tatu inataka elfu na zaidi. Tena jaribu kumweleza mzazi kwamba mwanawe na wa jirani wamepata maswali 20 kila mmoja, ila wa jirani yuko juu kwa sababu maswali yake "yanatofautisha zaidi". Utaelewa kwa nini nabaki na Rasch.

Hatua ya 5: Kuiachia kompyuta

R, programu ya hesabu za takwimu, ni ya bure. Ukiipakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, pamoja na kifurushi cha mirt, huko shuleni itafanya kazi bila mtandao. Kama uko jirani na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa pale Iringa, au vyuo vya Mbeya mjini, tafuta mwanafunzi wa shahada anayeijua R. Wengi wanatafuta takwimu za kweli za kufanyia utafiti. Mpe namba za watoto, usimpe majina.

Hifadhi ukurasa wa alama kama faili la CSV, kisha:

library(mirt)
d <- read.csv("alama.csv")
x <- d[, -(1:2)]
m <- mirt(x, 1, itemtype = "Rasch")
coef(m, IRTpars = TRUE, simplify = TRUE)
fscores(m, method = "WLE", full.scores.SE = TRUE)
itemfit(m, fit_stats = "infit", na.rm = TRUE)

Mstari wa tatu unaondoa safu mbili za mwanzo, namba na shule. Safu ya b kwenye majibu ya coef ndiyo ugumu wa kila swali. Mstari wa fscores unatoa uwezo wa kila mtoto na kosa lake la upimaji, na wa itemfit unatoa infit na outfit, tutakazozisoma Hatua ya 6. Wastani wa uwezo wa watoto umewekwa 0, hivyo swali lenye b ya −1.5 ni jepesi kwa kundi hili, na lenye 1.5 ni gumu.

Hatua ya 6: Kusoma kilichotoka

Anza na kiwango cha shaka. Ugumu wa swali lililopatwa na nusu ya watoto una kosa la upimaji la takriban 1 ÷ √(N × 0.25). Kwa watoto 200 ni 0.14. Kwa darasa moja la watoto 30 ni 0.37, na ukitaka uhakika wa kawaida wa asilimia 95 inabidi uzidishe kwa karibu mbili: swali linaweza kuwa popote kati ya −0.7 na 0.7. Ndiyo maana sishauri kufanya hesabu hizi kwa shule moja ndogo. Unganisheni kata nzima.

Kwa mtoto pia kuna shaka. Maswali 40 yanayomfaa kabisa humwacha na kosa la 0.32. Tofauti kati ya alama 20 na 22, tuliona, ni 0.20. Kwa maneno mengine, mtoto wa 14 na wa 17 kwenye ule ubao wanaweza kubadilishana nafasi mkirudia mtihani kesho asubuhi, na hakuna aliyezembea. Wa juu kabisa ndio wanaopimwa vibaya zaidi: mtihani ukiwa mwepesi kwake, aliyepata 38 anabeba kosa la kama 0.7. Mnaopeleka watoto "vipaji maalumu" kwa tofauti ya alama moja, litazameni hilo.

Chora ramani: upande mmoja watoto kwa uwezo wao, upande mwingine maswali kwa ugumu wao, kwenye mstari mmoja wa logiti. Karatasi ya maboksi inatosha. Utaona mara moja mahali ambapo watoto wamejaa na hakuna swali, na mahali ambapo maswali saba yamerundikana yakipima kitu kile kile. Jedwali la mada kwenye silabasi halikuonyeshi pengo hilo.

Kisha infit na outfit, vipimo viwili vya jinsi majibu ya kila swali yanavyoafikiana na modeli. Thamani ya karibu na 1 ina maana swali linafuata modeli. Kati ya 0.7 na 1.3 nenda na amani. Outfit ikipanda sana, kuna watoto wachache wamefanya jambo lisilotarajiwa: vinara wamekosa swali jepesi, au wa chini wamepata gumu. Wafuate kwa namba zao. Wa chini waliopata gumu wakiwa wote wa chumba kimoja, na wakakosa maswali mengine kwa herufi zile zile, hiyo si kazi ya modeli tena. Ongea na msimamizi wa chumba.

Modeli pia inadhani maswali hayategemeani. Maswali manne ya kifungu kimoja cha ufahamu, au matatu ya grafu moja, yanategemeana: asiyeelewa kifungu anaanguka yote. Amri residuals(m, type = "Q3") itakuonyesha jozi zinazoshikana; juu ya 0.2 zitazame. Dawa nyepesi ni kuyajumlisha maswali ya kifungu kimoja yawe swali moja lenye alama 0 hadi 4.

Na inadhani mtihani unapima jambo moja. Kwa darasa la saba la shule za serikali, linalofundishwa kwa Kiswahili, dhana hiyo haina shida kubwa. Kwa kidato cha kwanza na cha pili, ambako Baiolojia imegeuka ghafla kuwa ya Kiingereza, nina wasiwasi nayo. Mtoto aliyekulia Kinyakyusa au Kihehe, akasoma miaka saba kwa Kiswahili, unampima Baiolojia au Kiingereza? Toa maswali yenye maelezo marefu kando na yenye maneno machache kando, linganisha watoto wanavyofanya kwenye kila fungu. Wakitofautiana sana, namba moja ya uwezo haiwatoshi.

Hatua ya 7: Swali linaloegemea upande

Fikiria mtihani wa utamilifu wa mkoa, somo la Sayansi: "Mbegu za kakao huvundikwa kabla ya kuanikwa ili..." Mtoto wa Kyela amelala nyumba moja na harufu ya kakao inayovunda. Mtoto wa Chunya anajua tumbaku na karasha la dhahabu. Kakao ameiona kwenye picha. Kyela wakifanya vizuri kwenye swali hilo, si lazima wawe wazuri kwenye Sayansi.

Usilinganishe p ya Kyela na p ya Chunya moja kwa moja, maana huenda kweli wanatofautiana kiuwezo. Linganisha watoto wenye jumla zinazofanana. Wagawe: waliopata 11 hadi 20, 21 hadi 30, 31 hadi 40. Ndani ya kila fungu hesabu p ya pande mbili. Ukikuta kwenye fungu la 21 hadi 30 Kyela ni 0.82 na Chunya 0.46, na mafungu mengine yanaelekea huko huko, swali limeegemea. Njia hii ya kulinganisha ndani ya mafungu ilitoka kwa Nathan Mantel na William Haenszel mwaka 1959, wakishughulika na takwimu za magonjwa, kisha wapimaji wa elimu wakaiazima. Fanya hivyo hivyo kwa wavulana na wasichana, kwa bweni na kutwa.

Likiegemea, jiulize kama kilichowatenga ndicho unachotaka kupima. Hapa ulitaka uchachukaji, si kakao. Weka maziwa mgando na pande zote zitakuwa nyumbani.

Hatua ya 8: Insha na hojaji

Kwa maswali yenye alama nyingi, kama 0 hadi 4, modeli ya Geoff Masters ya mwaka 1982 inatoa alama za vipande, na amri ile ile ya "Rasch" kwenye mirt huitumia yenyewe ikikuta alama zaidi ya mbili. Hojaji za ushauri nasaha, za "sikubali kabisa" hadi "nakubali sana", huingia njia hiyo hiyo. Tahadhari yangu ni moja: geuza alama za sentensi zilizoandikwa kinyume kabla ya kuanza, na usishangae wanafunzi wakikubali kila kitu. Wamefundishwa adabu.

Hatua ya 9: Kuunganisha Machi na Julai

Hili ndilo lililonifanya niipende modeli. Wastani wa Machi ulikuwa 19, wa Julai ni 24. Watoto wamepanda, au karatasi ya Julai ilikuwa nyepesi? Kwa alama tupu hakuna anayejua, ingawa kwenye kikao cha wadau wote hujifanya wanajua.

Chagua maswali nane hadi kumi ya Machi yaliyotoka safi: D nzuri, infit ya karibu na 1, ugumu uliotapakaa kuanzia mepesi hadi magumu, mada mbalimbali. Yarudishe Julai bila kubadilisha hata nukta, kwenye nafasi zinazokaribiana na za mwanzo. Hayo ni maswali ya kiungo. Yaliyobaki yawe mapya.

Julai chambua kama kawaida. Chukua wastani wa b za viungo kwa kila mtihani. Tuseme Machi ulikuwa −0.20 na Julai −0.65. Maswali hayajabadilika, yameonekana mepesi kwa sababu watoto wamepanda, kwa −0.20 − (−0.65), yaani logiti 0.45. Ongeza 0.45 kwenye b zote za Julai na kwenye uwezo wote wa watoto wa Julai, na sasa mitihani miwili iko kwenye kipimo kimoja. Mtoto aliyepata 24 Julai unaweza kumweka kando ya alama yake ya Machi bila kubahatisha.

Kabla ya kuongeza, tazama kiungo kimoja kimoja. Vingi vitakuwa vimeshuka ugumu kwa kiasi kinachokaribiana. Kimoja kikishuka kwa 1.5 wakati vingine vimeshuka kwa 0.4, swali hilo limefundishwa twisheni, au limevuja. Litoe kwenye hesabu ya wastani, ufanye upya. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie maswali ya mitihani ya taifa iliyopita kuwa viungo. Vitabu vyake viko kila duka la vifaa vya shule, na watoto wameyakariri na namba zake.

Kila swali lililosalimika liandikie kadi: swali lenyewe, mada, b yake, kosa lake, D, idadi kwa kila kipotoshi, tarehe na shule zilizolifanya. Kadi mia mbili za namna hiyo kwenye sanduku ni mali kuliko kompyuta yenyewe. Siku ya mtihani, Machi na Julai, kila nakala ya karatasi ya maswali iwe na namba. Baada ya kengele zikusanywe kabla mtoto hajatoka mlangoni, zihesabiwe mbele ya walimu wawili, ziingie kabatini kwa mwalimu wa taaluma.